Mkono wa Kalamu: Historia ya Kuandika Pwani ya Afrika Mashariki

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliandika kwa kalamu ya tete, kwa hati za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, muda mrefu kabla ya penseli kufika. Barua za Kilwa zilizohifadhiwa Goa zinaanzia mwaka 1711, na nakala ya zamani ya Utendi wa Tambuka ni ya mwaka 1728. Hati hizo ni kazi ya watu waliokuwa na mazoea yao ya kukaa, ya kushika kalamu na ya kuchagua mkono.

Tete lilikatwa kwa kisu kikali, ncha ikachongwa mshazari, kisha ikapasuliwa katikati ili ishike wino wa masizi na gundi. Mshazari huo ndio unaotoa mstari mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine. Kalamu iliyochongwa kwa mkono wa kulia ikitiwa mkono wa kushoto, unene huangukia pasipo pake na herufi huharibika. Kwa hiyo mwenye shoto angelazimika kujichongea yake.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo hati za Kiarabu zilimpendelea yeye. Anayeandika kwa mkono wa kulia kuelekea kushoto, kiganja chake huyafuata maneno ambayo wino wake bado mbichi. Mwandishi stadi aliliepuka hilo kwa kuweka mkono chini ya mstari, karatasi ameipakata juu ya paja. Mwenye shoto hana taabu hiyo, kwa kuwa mkono wake hutangulia kwenye karatasi tupu. Lakini nafuu hiyo haikumsaidia kitu. Mkono wa kushoto ni wa kujisafishia chooni. Wa kulia ndio wa kula, kutoa na kupokea. Na maandishi ya kwanza aliyokutana nayo mtoto, ubaoni mwa chuo, yalikuwa ya Qur'ani. Amri ya mkono wa kulia, basi, haikuzaliwa na kalamu. Kalamu iliikuta kwenye sinia la chakula.

Tusidhani kwamba mkono wa kushoto ulidharauliwa kila mahali. Kwa Wameru wa Kenya, Mugwe, kiongozi wao wa kidini, aliuficha mkono wake wa kushoto kwa sababu ndio uliobeba nguvu ya baraka. Bernardo Bernardi aliieleza desturi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1959, na mwaka uliofuata Rodney Needham akauandikia mkono huo makala nzima.

Pwani heshima ya maandishi ilionekana wazi katika kombe. Mwalimu huandika aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, akaziacha zikauke, kisha akazisuuza kwa maji, mara nyingi yenye marashi, na mgonjwa akayanywa. Maandishi yanayoingia mwilini kwa njia hiyo hayangeandikwa kwa mkono wa chooni.

Kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu kulikuwa na mwendo wake. Mkono huandika kwanza mifupa ya neno, kisha hurudi kuweka nukta na irabu. Irabu za Kiarabu ni tatu na za Kiswahili ni tano, kwa hiyo msomaji aliachiwa kazi ya kukisia. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyeshirikiana na mmisionari W. E. Taylor katika karne ya 19, alizirekebisha herufi zifuate sauti za Kimvita. Katika miswada ya tenzi, vipande vinne vya ubeti viliandikwa kwenye mstari mmoja, vikitenganishwa kwa alama au kipambo. Ubeti wa mistari minne mifupi, mmoja chini ya mwingine, ulioenea katika vitabu vya leo, ulikuja na herufi za Kilatini.

Mipaka ya kuandika, kuchora na kuchonga haikuwa mikali. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa misahafu yenye mapambo ya rangi. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa miswada na mchongaji wa mbao. Miswada aliyowaandikia wataalamu wa Ulaya, akiwemo Ernst Dammann aliyefika Lamu katika miaka ya 1930, ina mwandiko na mapambo yanayoonyesha jicho la mchongaji.

Herufi za Kilatini ziliingia na wamisionari. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere akaimarisha uchapaji Zanzibar. Shule za serikali ya Wajerumani zikazisambaza huko Tanganyika. Pamoja nazo zilikuja sileti, kidau cha wino na nibu ya chuma, na mwelekeo ukageuka: kutoka kushoto kwenda kulia.

Mgeuko huo ulimfaa mwenye mkono wa kulia na kumtesa mwenye shoto. Nibu nyembamba hutaka kuvutwa. Ikisukumwa hukwaruza karatasi na kurusha matone. Mwenye shoto aendaye kulia huisukuma, na papo hapo kiganja chake kinapita juu ya wino mbichi. Wengine hukikunja kifundo cha mkono juu ya mstari ili kuukwepa. Walimu wengi hawakutafuta chanzo. Walimchapa mtoto vidole na kumlazimisha abadili mkono, kama ilivyofanyika pia katika shule za Ulaya. Sababu iliyotajwa ilikuwa uchafu wa daftari au adabu, na mara nyingi zote mbili kwa pamoja, jambo lililomfanya mtoto asijue amekosea wapi.

Kalamu ya kigololi iliiondoa sababu ya kwanza. László Bíró aliisajili hataza yake mwaka 1938, na kuanzia mwaka 1950 Bic ya bei nafuu ikaanza kuifikisha kwa watu wengi. Kigololi chake huandika kikivutwa au kikisukumwa, na wino wake mzito hukauka upesi. Iliyobaki ni adabu, na hiyo haijawahi kutegemea kalamu.

Takriban mtu 1 kati ya 10 duniani ana shoto, kwa hiyo darasa la watoto 50 huenda likawa na watano. Kwenye dawati la watoto wawili au watatu, kiwiko cha mwenye shoto hugongana na cha jirani, isipokuwa akikaa mwisho wa upande wa kushoto. Daftari lake lilazwe mshazari, upande wa juu ukielekea kulia, na mkono ukae chini ya mstari, kama walivyokaa waandishi wa kalamu ya tete.