Kumbe Kukata Wanga Kulianza na Mzee wa Majeneza

Wanaoacha wali na ugali leo wanadhani ni mambo mapya. Wapi! Mwaka 1862 mzee mmoja wa London, aliyestaafu biashara ya mazishi, alikuwa na kilo 92 na masikio yasiyosikia vizuri. Daktari wake wa masikio akamkataza mkate, sukari, bia na viazi. Mwaka mmoja baadaye alikuwa amepungua kilo 21, akaandika kijitabu kilichovuma kweli kweli. Ila wanga hakuufuta wote: kijipande cha mkate mkavu wa kuchoma kilibaki mezani, matunda pia, na mvinyo (hapo hakujibana kabisa!).

Aliyekaza zaidi ni daktari mmoja wa moyo wa New York. Kitabu chake cha 1992 kiliruhusu gramu 20 tu za wanga kwa siku, lakini kwa wiki mbili za mwanzo. Baada ya hapo mtu anaongeza kidogo kidogo. Shida, hatua ya kwanza ndiyo inayoshusha mizani haraka, na wapo walioganda hapo hapo mpaka wakachoka, wakarudia mikate, kilo nazo zikarudi.

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walifuatilia watu 609 kwa miezi 12, wengine wakipunguza wanga, wengine mafuta. Uzito ulioshuka haukupishana sana. Wote waliambiwa wale mboga kwa wingi, wapunguze sukari na unga mweupe.