Neno "Ushahidi" kati ya Nairobi na Bunia: Historia Fupi ya Programu Huria na Viunzi Vyake

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafuatilia historia ya programu huria ya kompyuta iitwayo Ushahidi, iliyozaliwa nchini Kenya mwaka 2008, pamoja na viunzi vya programu ambavyo imesimama juu yake tangu wakati huo. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa programu chache za Afrika Mashariki zilizosambaa duniani zikiwa na jina la Kiswahili. Pili, jina lenyewe lina uzito wa pekee kwa watu wa Bunia, mji mkuu wa Ituri, ambao katika miaka hiyo hiyo waliona mambo yao yakisikilizwa mbele ya mahakama ya kimataifa. Swali litakalotuongoza ni hili: ni jambo gani hasa linaloigeuza habari kuwa ushahidi?

Kabla ya kuendelea, yafaa tueleze istilahi mbili. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Kiunzi cha programu ni mkusanyo wa sehemu zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambazo mjenzi wa tovuti huzitumia badala ya kuanza na patupu. Twaweza kukifananisha na nguzo na fito za nyumba kabla haijakandikwa udongo. Mgeni huuona ukuta, lakini fito zikioza ukuta hausimami.

2.0 Neno lenyewe

Neno shahidi limetokana na Kiarabu, na asili yake inahusu kuwapo mahali na kuona kwa macho. Ushahidi basi ni kauli ya aliyekuwapo. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii hutumiwa zaidi katika ugawaji wa mali, lakini inafaa hapa pia, kwani tukio lisilo na msemaji hupotea kana kwamba halikutokea. Hata hivyo, katika matumizi ya kisheria, kuwapo pekee hakutoshi. Shahidi huulizwa maswali, na maneno yake hupimwa kwa maneno ya wengine na kwa vielelezo. Neno hili basi lina pande mbili, yaani kuona na kupimwa, nazo ndizo zitakazojitokeza katika historia inayofuata.

3.0 Kuzaliwa kwa programu

Matokeo ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007 yalipotangazwa, ghasia zilizuka. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu baadaye vifo 1,133. Serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na habari nyingi zilipitia simu za mkononi na maandishi ya watu binafsi katika intaneti. Mwanzoni mwa Januari 2008 Ory Okolloh, mwanasheria Mkenya, alitoa wito kwa mafundi wa kompyuta watengeneze ramani ya kuonyesha mahali pa ghasia. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walishirikiana naye, na katika siku chache tovuti ilikuwa tayari. Mwananchi aliweza kutuma habari kwa ujumbe mfupi wa simu au kwa fomu, na habari hiyo ikawekwa penye alama katika ramani.

Programu ile ya kwanza ilitengenezwa kwa haraka kwa ajili ya nchi moja na tukio moja. Katika mwaka huo huo wa 2008 iliandikwa upya ili iweze kutumiwa popote. Hapo ndipo waundaji walipochagua kiunzi cha Kohana, kilichoandikwa kwa lugha ya PHP. Kohana yenyewe ilikuwa tawi lililochipuka mwaka 2007 kutoka katika kiunzi kingine, CodeIgniter. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba kazi iliyobuniwa kwa ajili ya Kenya ilisimama juu ya fito zilizokatwa na watu wa mbali ambao hawakuijua Kenya. Huo ndio utaratibu wa programu huria. Kila fundi hujenga juu ya kazi ya mwingine, na deni hulipwa kwa kuiacha kazi yake iwe wazi vilevile.

4.0 Kongo ya Mashariki

Mwishoni mwa 2008, waasi wa CNDP wakiongozwa na Laurent Nkunda walipoukaribia mji wa Goma, toleo jipya la Ushahidi liliwekwa kwa ajili ya habari za Kongo ya Mashariki. Hali ya huko ilitofautiana na ile ya Kenya. Mtandao wa simu haukufika katika vijiji vingi, na aliyejulikana kutuma habari aliweza kuandamwa na watu wenye silaha. Tena palikuwa na suala la lugha. Kifaransa ndicho lugha rasmi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba. Lakini Kiswahili cha Kongo kina sura zake. Huko mtu husema batu na bana pale ambapo Kiswahili sanifu husema watu na wana. Wataalamu Nico Nassenstein na Gerrit Dimmendaal wamekichunguza Kiswahili cha Bunia hasa.

Umuhimu wa lugha ulionekana wazi zaidi baada ya tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010. Ujumbe wa simu ulioandikwa kwa Krioli ya Haiti ulitumwa kwa namba 4636, na Wahaiti waliokuwa ng'ambo walijitolea kuufasiri ili waokoaji waulewe. Bila wafasiri hao, ramani isingewafaa waokoaji wasiojua Krioli.

Upande wa pili wa neno letu, yaani kupimwa, uliingizwa ndani ya msimbo wenyewe. Habari iliyopokelewa haikuonyeshwa mpaka msimamizi aikubali, na ilipoonyeshwa ilibeba alama ya kuwa imethibitishwa au bado. Alama hiyo ndogo inaonyesha kwamba waundaji walitambua kuwa jina walilolichagua lilikuwa ahadi ambayo si kila ujumbe ungeweza kuitimiza.

5.0 Bunia na mizani ya mahakama

Bunia ilikuwa imekwisha kuliona swali hilo kwa njia chungu. Mwezi Mei 2003, majeshi ya Uganda yalipoondoka, makundi yenye silaha yalipigana ndani ya mji na mamia ya raia waliuawa. Kwa azimio namba 1484 la tarehe 30 Mei 2003, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliruhusu kikosi cha kimataifa, nacho kikaja kikiongozwa na Ufaransa kwa jina la Artemis. Wakati huo hapakuwa na ramani ya kupokea habari za wananchi. Redio ndiyo iliyobeba mengi, ikiwamo Redio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002 na kupewa jina la mnyama wa msitu wa Ituri.

Kesi ya kwanza kusikilizwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, ilitoka Ituri. Thomas Lubanga, kiongozi wa UPC, alishtakiwa kwa kuwaandikisha na kuwatumia watoto chini ya miaka 15 vitani. Kesi ilianza tarehe 26 Januari 2009, na shahidi wa kwanza aliyakana maneno yake siku chache tu baada ya kuanza. Katika hukumu ya tarehe 14 Machi 2012 Lubanga alipatikana na hatia, lakini majaji walikataa kuutegemea ushahidi wa vijana kadhaa waliodai kuwa walikuwa askari watoto, na wakakosoa namna upande wa mashtaka ulivyowatumia wapatanishi kuwafikia mashahidi. Kilichokuwa na nguvu zaidi ni picha za video, zikiwamo zile za ziara ya Lubanga katika kambi ya Rwampara, karibu na Bunia, mwezi Februari 2003.

Funzo la historia hii kwa mwanafunzi wa programu ni wazi. Kati ya aliyeona na anayeamua huwapo mtu wa kati, awe mpatanishi, mkalimani au msimamizi wa tovuti. Mtu huyo akikosa kuaminika, maneno ya aliyeona hudhoofika hata kama ni ya kweli.

6.0 Kiunzi kinapozeeka

Mwaka 2009 Kohana ilitoa toleo la 3 ambalo halikupatana na lile la 2, na ambalo Ushahidi haikuweza kulihamia bila kuandikwa upya. Matoleo ya Ushahidi yaliendelea juu ya fito za zamani, likiwamo toleo la 2.0 la mwaka 2010 lililopewa jina la Luanda. Toleo la 3 la Ushahidi liliandikwa upya tangu msingi, na leseni yake ikawa kali zaidi. Anayeirekebisha programu na kuwahudumia watu kwayo katika mtandao analazimika kuwapa msimbo alioubadilisha. Kohana nayo ilifikia kikomo cha kutunzwa mwaka 2017, na Ushahidi ikahamia katika kiunzi kingine, cha jamii ya Laravel.

Kwa fundi, hayo ni mambo ya kawaida. Kwa mwanahistoria, yanaleta wasiwasi. Kila tovuti iliyojengwa juu ya toleo la zamani ilihitaji mtu wa kuihamisha, na asipopatikana, tovuti hukatika na kauli zilizomo hupotea. Msimbo ukiwa wazi unaweza kuhifadhiwa na yeyote, lakini maneno ya watu waliotuma habari hayana leseni ya kuyalinda.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba habari huwa ushahidi pale inapopitia mikono inayoaminika, inapofasiriwa na anayeijua lugha ya msemaji, na inapohifadhiwa mpaka siku ya kuulizwa. Kati ya kazi hizo tatu, ni ile ya kwanza tu ambayo wanaprogramu walijaribu kuitia katika msimbo. Mbili zilizobaki ni za vyuo vyetu. Tafsiri ya programu kwa Kiswahili sanifu peke yake haitamtosha mkulima wa Djugu au Irumu anayesema kwa Kiswahili cha nyumbani kwake, na nakala iliyohifadhiwa nje tu itamlazimu mtafiti wa Bunia kuomba ruhusa ya kusoma habari za mtaa wake. Idara za Kiswahili za Bunia, Nairobi na Dar es Salaam zina watu wanaoweza kuifanya kazi hiyo, na msimbo umekwisha kuachwa wazi kwa ajili yao.