Saratani ya Jicho kwa Watoto na Hukumu ya Kutolewa Jicho



Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Daktari akisema jicho la mtoto litolewe, je, wazazi wakubali? Tumeona tulieleze suala hili pamoja na maradhi yenyewe, kwa sababu wengi wetu bado tunadhani saratani ni ugonjwa wa watu wazima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto na vijana wapatao 400,000 walio chini ya miaka 20 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona, na katika nchi nyingi masikini hawafiki asilimia 30. Sababu kubwa ni kuchelewa kugunduliwa, na kuiwacha tiba njiani.

Saratani ya jicho humpata zaidi mtoto wa chini ya miaka 5. Mboni, badala ya kuwa nyeusi, hung'ara nyeupe kama jicho la paka usiku. Mara nyingi weupe huo huonekana kwanza kwenye picha iliyopigwa kwa simu yenye taa. Dalili nyengine ni makengeza yaliyozuka baadaye, au jicho kuwa jekundu na kuvimba. Mwanzoni mtoto haumwi, anacheza na kula kama kawaida, ndiyo maana watu hupuuza, au husema ni husda. Si kila weupe ni saratani. Huweza kuwa ni mtoto wa jicho, lakini hilo nalo ni la daktari kuliamua, na si la jirani.

Kumsomea mtoto Qur-aan hatukukatazi, ni jambo lenye asili katika Sunna. Msomeeni mkiwa ndani ya boti mnakwenda hospitali. Mabedui walipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, kama alivyopokea Usama bin Shariik (R.A.).

Uvimbe ukiwahiwa ungali mdogo, madaktari huweza kuliokoa jicho kwa dawa au mionzi ya leza. Ukishakuwa mkubwa, jicho hutolewa, na maadamu saratani haijatoka nje ya jicho, karibu watoto wote hupona. Ikitoka, hufuata mshipa wa kuonea hadi kwenye ubongo, na hapo tiba huwa ngumu mno.

Kwa hivyo jawabu ni kuwa inajuzu kulitoa, nasi tunaona kukataa katika hali hiyo ni kumdhulumu mtoto. Kukatazwa kubadilisha maumbile hakuhusu tiba ya dharura. Urwa bin Zubayr, mtoto wa Asmaa bint Abi Bakr (R.A.), alikatwa mguu uliooza ili maradhi yasienee, naye ni katika wanavyuoni wakubwa wa Madina. Ama jicho la bandia, linajuzu pia: Arfaja bin As'ad (R.A.) alipopoteza pua vitani, Mtume (S.A.W.) alimruhusu kuweka pua ya dhahabu.

Baadhi ya saratani hizi hurithiwa, basi ndugu zake mtoto nao wapimwe macho. Jambo hili lisigeuzwe fimbo ya kumpigia mama. Si laana wala aibu, na ugonjwa hauambukizi.

Dalili za saratani nyengine ni hizi: tumbo gumu ambalo mama huligusa akimuogesha mtoto, taya linalovimba kwa kasi, maradhi ambayo daktari Denis Burkitt aliyaeleza mwaka 1958 kwa watoto wa Uganda, na homa isiyokwisha pamoja na weupe wa viganja, michubuko bila ya kuanguka na maumivu ya mifupa.

Wanaopelekwa Dar es Salaam hutibiwa katika wodi ya saratani ya watoto ya Muhimbili, ambako taasisi ya Tumaini la Maisha husaidia ili tiba iwe bila ya malipo. Mtoto akianza kupata nafuu msimrudishe nyumbani kabla daktari hajasema tiba imekwisha, hata kama Idi imekaribia.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.