Je, pikapu za sura ya jangwani zamfaa mkulima wa Taita Taveta?

PIKAPU za ukubwa wa wastani zilizoundwa kwa sura ya magari ya mbio za jangwani zimewavutia wanunuzi wengi. Mfano maarufu ni Ford Ranger Raptor, iliyozinduliwa Bangkok, Thailand, mnamo Februari 2018. Ina tairi nene, imeinuka juu, na shokomzoba zake huhimili mwendo wa kasi penye mashimo.

Hata hivyo, sifa hizo zina gharama. Nyuma ya Ranger ya kawaida mna springi za mabamba ya chuma. Raptor imewekewa za koili. Abiria hustarehe zaidi, lakini mzigo hupungua. Ranger ya kawaida hubeba takriban tani moja. Raptor haifikii kiasi hicho. Uzito wa tela inayoweza kuvutwa nao hushuka kutoka tani 3.5 hadi 2.5.

Kwa mkulima wa Taveta anayeuza ndizi na nyanya, upungufu huo ni safari za ziada na mafuta zaidi. Isitoshe, barabara ya Voi hadi Taveta kupitia Mwatate ina lami. Katika njia za udongo za Kasigau na vilima vya Taita, hasa wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, kinachohitajika ni injini inayoendesha magurudumu yote manne, giya nzito ya kupandia milima na tairi zenye meno. Hayo hupatikana pia katika Toyota Hilux na Isuzu D-Max, ambazo mafundi wengi nchini wamezizoea.

Yafaa mnunuzi apime kwanza mzigo wake wa kila siku na njia aipitayo, ndipo atazame sura ya gari.