Mwanafunzi na Daftari la Dola

Nilipokuwa mwanafunzi wa historia nilihudhuria kozi ya wiki nne ya takwimu huko Ann Arbor, Michigan, Marekani, ambako watafiti wa sayansi ya jamii wamekuwa wakipewa mafunzo ya aina hiyo katika majira ya joto tangu mwaka 1963. Nilifika nikiziogopa namba. Asubuhi tulikuwa na mihadhara, alasiri kompyuta, na usiku mazoezi ya kukabidhi kesho yake.

Siku ya kumaliza, mwalimu wetu alitusimulia habari za William Sealy Gosset, mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Gosset alitaka kujua wastani unaotokana na vipimo vichache unaweza kuaminiwa kwa kiasi gani. Jibu lake lilichapishwa mwaka 1908, lakini mwajiri hakuwaruhusu watumishi kuchapisha kwa majina yao. Akatumia jina la "Student", yaani Mwanafunzi. Wengine walicheka, mimi nilibaki na swali: ni nani aruhusiwaye kuhesabu, na ni nani aruhusiwaye kusema alichokihesabu?

Kwetu swali hilo lina historia ndefu. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, na Waingereza wakaendelea kutoza kodi baada yao. Kwa miongo kadhaa idadi ya watu wa Tanganyika ilikadiriwa kwa kutegemea sana orodha za walipa kodi. Kuhesabiwa kulikuwa sawa na kudaiwa. Mzazi aliyemficha kijana wake karani alipofika alikuwa na sababu njema, na daftari la serikali likapungukiwa mtu mmoja. Mwaka 1948 ndipo Tanganyika, Kenya na Uganda zilipofanyiwa sensa ya jumla, ikafuatiwa na uchunguzi wa sampuli ya asilimia 10 ili kupata maelezo ya kina zaidi.

Uhuru ulibadilisha mwenye daftari, lakini swali halikwisha. Mwaka 2018 Bunge la Tanzania liliifanyia marekebisho Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, ikawa kosa kusambaza takwimu zenye nia ya kubatilisha au kupotosha zile rasmi. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake, na mwaka 2019 sheria hiyo ikalegezwa. Natambua hoja ya serikali: takwimu za kughushi huweza kuleta madhara makubwa. Hata hivyo, dawa ya hesabu mbovu ni hesabu bora iliyowekwa hadharani pamoja na njia iliyotumika kuipata.

Hilo ndilo nililotoka nalo Ann Arbor, na ndilo ninalowafundisha wanafunzi wangu leo. Kila makadirio yana kiasi chake cha makosa, na mtakwimu mwaminifu hukitaja kabla hajaulizwa. Takwimu isiyokubali kuhojiwa imekwisha kuwa amri.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema kweli. Lakini daftari likisomwa na mwenye duka peke yake, wabia wenzake watajuaje faida yao?