Tanuri na Istilahi: Kutoka Windows hadi Linux katika Nyumba Moja ya Sumbawanga

Mhadhara huu unahusu jambo linaloweza kuonekana dogo: kompyuta moja ya nyumbani, mjini Sumbawanga, iliyohamishwa kutoka Windows kwenda Linux. Hata hivyo, ndani ya uhamisho huo mna swali la msingi katika historia ya Kiswahili: istilahi za zana tunazotumia ni mali ya nani, na ni nani anayezitunza?

Windows ndiyo niliyojifunzia kompyuta, na kwa zaidi ya miaka kumi sikujua mfumo mwingine. Nakala niliyokuwa nayo haikuwa na leseni. Kosa hilo lilikuwa langu. Mwaka 2008 flashi iliyopita mikononi mwa watu wengi iliingiza virusi, na kesho yake kabrasha langu la maneno ya Kifipa halikuonekana. Humo mlikuwa na msamiati wa uhunzi niliouandika kwa kuwasikiliza wazee, ambao baadhi yao walikwisha kufariki.

Mwanafunzi mmoja alikuja na sidii ya Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux. Wakati huo intaneti yetu ilikuwa ya kusuasua na umeme wa mji ulitoka Zambia, hivyo sidii ilikuwa na thamani kubwa. Aliiwasha mashine kwa sidii hiyo, bila kutumia mfumo uliokuwa ndani, na kabrasha likaonekana. Virusi vilikuwa vimeliwekea alama ya kulificha tu, na mfumo ule mwingine haukuijali alama hiyo. Nilihama wiki ile ile. Sikuhama bila gharama: printa ilikataa kazi kwa muda mrefu, na nyaraka za wenzangu zilifika zikiwa zimevurugika mpangilio.

Ni vyema tukumbushane asili ya mfumo huu. Mwaka 1983 Richard Stallman, huko Marekani, alitangaza mradi wa GNU, kwa msimamo kwamba mtumiaji awe na haki ya kuitumia programu, kuichunguza, kuibadili na kuigawa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha mfumo alichokiandika mwenyewe, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GNU. Ubuntu ilitoka mwaka 2004. Jina lake limejengwa kwa mzizi ule ule wa Kibantu unaotupa maneno mtu na utu.

Mwaka huo huo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na wataalamu kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Mwaka 2005 Microsoft nayo ilitoa kiolesura cha Kiswahili cha Windows XP, kilichoandaliwa kwa msaada wa wanaisimu wa Afrika Mashariki. Kazi zote mbili zinastahili heshima. Tofauti yao haikuwa katika ubora wa maneno, bali katika haki ya kuyagusa. Katika Windows, neno lisilofaa lilimsubiri mwenye programu. Katika Linux, niliporekebisha lugha ya mashine nilikuta menyu nusu Kiswahili, nusu Kiingereza. Lakini neno nililoliona halifai niliruhusiwa kulisahihisha mimi mwenyewe na kumpa jirani.

Hapa ndipo kabrasha langu linapotufundisha. Wahunzi wa Ufipa waliyeyusha chuma katika ilungu, tanuri refu la udongo ambalo mara nyingi lilizidi mita 3 kwenda juu na lililovuta hewa lenyewe bila mivukuto. Chuma chake kilisafishwa katika tanuri dogo la mivukuto, kisha kikafuliwa majembe. Jembe la kigeni lilipoenea katika karne ya 20, tanuri zilizimwa. Baadhi bado zimesimama uwandani, lakini majina ya sehemu zake yamebaki kwa wazee wachache. Hakuna aliyeyapiga marufuku. Yalikufa kwa kukosa kazi.

Istilahi za kompyuta nazo zimo katika hatari hiyo. Programu hubadilika kila mwaka, na tafsiri isiyohudumiwa huchakaa upesi. Windows XP ilikoma kuhudumiwa mwaka 2014, na kiolesura chake cha Kiswahili kikapoteza msingi. OpenOffice nayo ilizaa LibreOffice mwaka 2010, na maneno yaliyotafsiriwa awali hayakutosha tena. Leseni huria hutupa ruhusa ya kuendeleza kazi. Haitufanyii kazi hiyo. Nami nakiri kwamba katika miaka yangu ya kutumia Linux nimesahihisha maneno machache kuliko niliyoyalalamikia.

Kwa kuhitimisha, nawaomba wanafunzi wa Kiswahili wasiione Linux kama suala la mafundi tu. Ni karakana ambayo mlango wake uko wazi kwa mwanaisimu pia. Kabrasha langu liliokolewa na kijana aliyekuwa na sidii moja mfukoni. Msamiati uliomo ndani yake haukuokolewa bado, kwa maana neno huokolewa na wale wanaolitumia.