Kivuli cha Swala na Kivuli cha Nyumba

Kila mwanafunzi wa fiqhi hufundishwa kuujua wakati kwa kivuli. Jua likipinduka kutoka katikati ya mbingu, Adhuhuri imeingia. Kivuli cha kitu kikilingana na urefu wake, ukiondoa kile cha wakati wa kupinduka, Alasiri imeingia kwa kauli ya Imam Shafi na wanazuoni walio wengi. Kwa ajili ya hukumu hii Waislamu wa kale walilichunguza jua kwa makini. Huko Damascus, Ibn al-Shatir, mtunza nyakati wa Msikiti wa Bani Umayya, alitengeneza saa ya kivuli mwaka 773 Hijria (1371/72 Miladia).

Je, elimu hii iliishia msikitini? La. Tazama Bayt al-Suhaymi mjini Cairo, nyumba iliyojengwa mwaka 1648, kisha Sheikh Ahmad al-Suhaymi akaipanua mwaka 1796. Mjini humo jua la adhuhuri mwezi Juni hupanda hadi nyuzi 83, na Disemba huishia nyuzi 36 tu. Jua la juu huangukia paa. Lile la asubuhi na jioni, lililo chini, ndilo hupenya madirishani. Basi wajenzi waliweka ua katikati, ukapata kivuli cha kuta zake na kuhifadhi ubaridi wa usiku. Madirisha waliyaziba kwa mashrabiyya, yaani wavu wa mbao uzuiao jua na kupitisha upepo. Na juu ya paa waliweka malqaf, mdomo wa kunasa upepo, ukaelekea kaskazini.

Ama sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, hali yetu ni nyingine. Unguja jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mapema Oktoba. Juni huwa upande wa kaskazini, Disemba kusini, lakini halishuki sana. Linalotuunguza ni paa, na ukuta wa mashariki na wa magharibi. Na hapa pana neema ambayo wengi hawaizingatii: kibla chetu ni kaskazini. Msikiti wenye safu ndefu na kina kifupi huelekeza kuta zake ndefu kaskazini na kusini, na zile fupi ndizo hupigwa na jua la asubuhi na la jioni.

Nimesomesha katika madrasa moja iliyoongezwa vyumba vyenye madirisha mapana upande wa magharibi. Ikifika Alasiri watoto walowa jasho, na fedha za wakfu zaishia kwenye umeme wa feni. Ndugu msomaji, tumekatazwa israfu hata katika maji ya udhu. Vipi katika mali ya wakfu? Kabla ya kuchimba msingi, simamisha kijiti kiwanjani, utazame kivuli chake asubuhi, adhuhuri na alasiri. Elimu hiyo tunayo tayari.

Wallahu a'lam.